Mkono uliosahau kuachia

Mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa una matundu mawili ya vidole, na kwa miaka 26 ya ushonaji nilikuwa naingiza vyangu humo bila hata kuutazama. Asubuhi moja, wiki ya 6 baada ya kuvunjika mkono, niliuchukua mezani kwa mkono ule ule mgonjwa, nikapenyeza gumba tundu la juu na vidole vitatu tundu la chini, nikabana. Makali yakakutana. Nikataka kuufungua, haukufunguka. Nikajaribu tena, nikikaza macho kabisa kwenye gumba langu, nalo halikutikisika. Ilibidi niutoe mkasi kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

Mpaka siku ile, ingawa daktari alishanitajia neva, yaani mshipa wa fahamu, moyoni nilikuwa bado nahesabu kwamba ugonjwa wangu ni mfupa. Kila aliyekuja kunijulia hali aliuliza mfupa: umeunga? Bado? Nami nilijibu habari za mfupa. Leo imepita miaka 7, na mfupa wenyewe naukumbuka mara chache. Ninachoishi nacho ni neva, bega na kiwiko. Hayo siku ya kwanza hakuna aliyenigusia, na kwa wengi niliozungumza nao baadaye, waliovunjika mkono wa juu kama mimi, ilikuwa hivyo hivyo.

Nilianguka kutoka kwenye stuli. Nilikuwa nashusha jora la kitambaa rafu ya juu, stuli ikateleza, nikaangukia ubavu wa kulia na mkono ukabaki chini yangu. Mlio niliusikia kabla ya maumivu, mlio mkavu, kama ufito unaovunjwa kwa goti. Nilipotaka kuinuka mkono ulipinda mahali pasipo na kiungo, kati ya bega na kiwiko. Niliukumbatia kifuani kwa mkono wa pili na ndivyo nilivyofika kutibiwa.

Pale nilipofika kwanza walinipiga picha, wakaona umevunjika, wakanifunga plasta ngumu kiwiko kikiwa kimekunjwa, wakaning'iniza shingoni kwa kitambaa na kunipa dawa za maumivu. Nirudi baada ya wiki 2. Hakuna aliyeniambia ninyanyue kiganja. Usiku vidole vilikuwa vimekufa ganzi nikadhani ni uzito wa plasta. Siku ya tatu dada yangu alikuja kunibadilisha nguo, akasimama akiutazama ule mkono, akasema, "Mbona umelegea hivyo?" Kiganja kilikuwa kinaning'inia kutoka kwenye kifundo kama mkono wa shati lililoanikwa kwenye kamba.

Tulikwenda kwa daktari bingwa wa mifupa siku iyo hiyo. Aliketi mbele yangu, akaniambia, "Mama, inua kiganja, kama unamwambia mtu asimame." Sikuweza. "Nyoosha vidole." Vilibaki vimejikunja. "Niinulie gumba, kama unasema sawa." Hakuna kitu. Halafu akanigusa kwa ncha ya kalamu mgongoni mwa kiganja, pale kati ya gumba na kidole cha shahada, na mimi nilikuwa naiona kalamu lakini siisikii.

Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma kwamba sikuwa na jibu lake: "Kiganja kiliacha kuinuka tangu ulipoanguka, au baada ya kufungwa plasta?" Kumbe jibu lake lina uzito. Neva iliyozimika wakati wa kuanguka, katika mvunjiko ambao ngozi haikuchanika, mara nyingi imepondwa au imevutwa tu, nayo huachwa ipone yenyewe. Iliyokuwa nzima kisha ikazimika baada ya mfupa kunyooshwa na kufungwa inaweza kuwa imebanwa kati ya vipande, na hapo daktari huwa na mawazo mengine. Ndiyo maana neva hupimwa kabla ya kufunga na hupimwa tena baada ya kufunga, ni kazi ya dakika moja. Mimi sikupimwa hata mara moja. Dada yangu alisema alinikumbuka nikishika simu kwa mkono ule nikiwa njiani, lakini kushika si kuinua, kwa hiyo halikutusaidia.

Alichukua kalamu ile ile akaizungushia uzi uliochomoza kwenye kofia ya koti lake, ili nielewe. Kalamu ndiyo mfupa wa mkono wa juu, madaktari wanauita humerasi. Uzi ni neva ya radiali. Inatoka kwapani, inauzunguka mfupa kwa nyuma ikiwa imeulalia kabisa, kisha inajitokeza kwa nje juu kidogo ya kiwiko. Mfupa wangu ulikuwa umevunjika kwa kujisokota, theluthi ya chini, pale pale neva inapopita ikiwa haina nafasi ya kukwepa. Karibu mtu 1 kati ya 10 wanaovunjika sehemu ya kati ya mfupa huu hupata shida hiyo, na wengi wao hupona bila kupasuliwa.

Neva hiyo ndiyo inayoinua kiganja, inayofungua vidole na inayolitoa gumba nje. Kufumba ngumi ni kazi ya neva nyingine. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa unajua kushika, ila umesahau kuachia. Na hata kushika kwenyewe kulikuwa dhaifu. Ukitaka kujua kwa nini, kunja kifundo chako cha mkono kuelekea chini kabisa kisha ubane ngumi kwa nguvu. Utaona nguvu imepungua sana. Ngumi inahitaji kifundo kilichosimama.

Plasta ilitolewa. Nikawekewa gamba la plastiki la vipande viwili, mbele na nyuma ya mkono wa juu, linalobanwa kwa mikanda. Gamba la namna hii lilienezwa na Daktari Augusto Sarmiento wa Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1977, na wazo lake ni jepesi: misuli iliyobanwa pande zote inaushikilia mfupa kama maji yaliyojaa mfukoni, na uzito wa mkono wenyewe unauvuta ukae wima. Ndiyo sababu nilikatazwa kuegemeza kiwiko mezani au kwenye mkono wa kiti. Ukiegemeza, unausukuma mfupa juu, nao unapinda. Hata mto chini ya kiwiko, ambao kila mwenye huruma alitaka kuniwekea, ulikuwa adui. Mikanda nikaikaza kila siku uvimbe ulivyopungua.

Kulala nililala nimeketi, mito minne mgongoni, kwa zaidi ya miezi 2. Ukijilaza chali mkono unaporomoka nyuma na vipande vinasuguana, unavisikia. Kuoga niliinama mbele, mkono ukaning'inia wenyewe, halafu mume wangu akapitisha kitambaa chenye sabuni kwapani na kukausha vizuri, kwa sababu ngozi ya pale inaoza upesi ikiachwa na jasho chini ya gamba. Tulikuwa tumeoana miaka 24 na sikuwahi kumwona mwanamume yule akifunga kifungo cha nguo ya ndani. Alijifunza. Hakuwahi kunifanya nijione mzigo, na nalisema hilo hapa kwa sababu najua wagonjwa waliofanywa wajione hivyo.

Kwenye kifundo nilivalishwa banzi, kipande kigumu kinachokishikilia kiganja kikiwa kimeinuka kidogo. Bila banzi, kiganja kinachoning'inia miezi mingi hufupisha misuli ya ndani, na neva ikija kuamka inakuta mkono umeshakauka vile. Mara kadhaa kwa siku nilikuwa nalivua na kuvinyoosha vidole vyangu kwa mkono wa kushoto, polepole, hadi mwisho wake. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyo na dalili ya faida kwa wiki nyingi. Lakini mkono ulipoamka ulikuta viungo viko tayari.

Neva inaota. Inaota taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aliyeniita mama tangu siku ya kwanza, alichukua futi kamba yangu mwenyewe, maana huwa inaning'inia shingoni hata nikiwa mgonjwa, akapima kutoka kwenye mvunjiko hadi kwenye msuli unaoinua kifundo. Sentimita 10 na kidogo. "Mama, usihesabu siku. Hesabu milimita." Akanionyesha namna ya kugonga kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva. Pale inapokuwa imefika, unasikia mchonyoto kama wa umeme unaorukia mgongoni mwa gumba. Wiki ya 8 mchonyoto ulikuwa juu ya kiwiko. Wiki ya 11 ulikuwa chini yake. Nilikuwa naweka alama kwa chaki ya kushonea kwenye ngozi, na siku nilipoona alama mpya imeishinda ya zamani kwa upana wa kidole, nililia peke yangu.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli nilifanyiwa baada ya wiki 12. Mapema sana hakisemi mengi. Kilionyesha misuli imeanza kupokea habari, na kwamba neva haikukatika. Wiki ya 16, nikiwa nimelaza mkono mezani ubavu wa kidole kidogo ukiwa chini, kifundo kilisogea. Si kuinuka, kusogea tu, upana wa pindo jembamba. Nilimwita mume wangu aje aone, na alipokuja kikakataa. Misuli iliyoamka leo inachoka kwa mara tatu tu. Tukangoja nusu saa, kikasogea tena.

Vidole vilifuata mwezi wa 6. Gumba likawa la mwisho kabisa, mwezi wa 9, kwa sababu msuli wake uko mbali zaidi. Mpangilio ni huo huo kwa wengi, wa karibu kwanza, wa mbali mwisho. Laiti ningelijua hilo mapema nisingeteseka kwa ajili ya gumba wakati zamu yake ilikuwa bado.

Kumbe wakati neva inarudi, mfupa ulikuwa umesimama kuunga. Picha ya mwezi wa 4 ilionyesha ufa mweusi vile vile. Picha ya mwezi wa 6 nayo vivyo hivyo, na ncha za mfupa zilikuwa zimeanza kuwa mviringo, kama jiwe lililosuguliwa na maji. Daktari aliushika mkono juu na chini ya mvunjiko akautikisa kidogo, ukacheza. Hakukuwa na maumivu makali, na hilo ndilo lililonitisha. "Huu umekata tamaa ya kuunga," alisema. Aliniuliza kama navuta sigara, kama nina kisukari, maana vyote viwili huchelewesha mfupa. Sina. Akaagiza kipimo cha vitamini D, na yangu ilikuwa chini sana. Nilianza kuimeza pamoja na madini ya chokaa, lakini mfupa uliokwisha kukata tamaa hauamshwi kwa vidonge peke yake.

Nilipasuliwa mwezi wa 7. Walisafisha ncha zile mpaka zikatoa damu, wakachukua vipande vya mfupa kutoka ukingo wa nyonga, pale sketi inapoegemea, wakavijaza penye ufa, kisha wakafunga bamba la chuma kwa skrubu 8. Kabla ya kutia saini daktari aliniambia wazi kwamba neva itabidi itafutwe, isogezwe na kulindwa, na kwamba inaweza kulala upya hata kama hakuna kosa lililotendeka. Nilimwuliza mara mbili. Miezi 7 ya milimita, ipotee kwa asubuhi moja? Alisema inaweza kutokea, na kwamba mara nyingi ikitokea hurudi. Nilithamini kwamba hakunidanganya.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza sikuuliza saa wala sikuuliza watoto. Nilijaribu kuinua kiganja. Chumba kilikuwa kinazunguka, macho mazito, lakini niliona vidole vyangu vikipanda kutoka kwenye shuka. Muuguzi akaniambia, "Pumzika, mama." Nikaviinua tena.

Nyonga iliniuma kuliko mkono kwa wiki 3, na hilo pia ni jambo ambalo mtu afadhali aambiwe mapema, ajiandae kutembea akichechemea. Mkono wenyewe, ukiwa na chuma ndani, ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo nilikuwa nimesahau. Siku iliyofuata niliruhusiwa kuukunja na kuukunjua kiwiko. Kubeba, hapana: kikombe tu, kwa wiki 6. Mwaka ulipotimia tangu nianguke, daktari aliiweka picha kwenye taa, akapitisha kidole kwenye daraja la mfupa mpya, akasema, "Umeunga. Hongera." Akaniandikia ruhusa ya kuacha kliniki ya mifupa.

Nyumbani walifurahi. Simu zilipigwa. Na jioni ile nilipotaka kuanika taulo sikuweza kuinua mkono kupita bega.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi huachia hapa. Bega lililokaa mwaka mzima bila kazi linaganda. Mfuko wa kiungo unakunjamana na kunata, kama kitambaa kilichopigwa pasi kikiwa kimekunjwa, na haukunjuki kwa kuvutwa mara moja. Kipimapembe kilisoma nyuzi 75, na mkono mzima hupanda karibu nyuzi 180. Kiwiko changu nacho kilikuwa kinakosa nyuzi 25 za mwisho za kunyooka. Nilikuwa naona aibu kumwambia mtu kwamba bado mgonjwa, wakati mfupa umeunga na kila mtu ameshanipongeza.

Nilianza na zoezi la kuning'iniza: unainama, mkono mzima unaegemea meza, mgonjwa unaning'inia kama timazi, kisha unayumbisha kiwiliwili na mkono unafuata. Ilikuwa ile ile namna yangu ya kuoga. Baadaye vidole vikipanda ukutani kama buibui, na kila wiki naweka alama ya chaki mahali vilipofika. Baadaye kamba na kapi juu ya mlango, mkono mzima ukimvuta mwenzake. Kanuni aliyonipa yule kijana ilikuwa kwamba maumivu ya mazoezi yawe yameisha kabla ya kulala. Yakikesha na wewe, umezidisha. Yasipokuwepo kabisa, hujafanya kitu.

Lipo kosa nililolifanya. Nilimruhusu mtu mmoja mwenye nguvu, aliyenihurumia kwa dhati, anikunjue kiwiko kwa kukivuta. Kilivimba, kikawa cha moto, na nikarudi nyuma wiki nyingi. Kiungo kinachovutwa kwa nguvu baada ya jeraha kinaweza hata kuotesha mfupa ndani ya msuli, mahali pasipo pake. Bega na kiwiko vinakunjuliwa na mwenyewe, kidogo na mara nyingi. Mara 5 kwa siku, dakika 10 kila mara, kulinisaidia kuliko saa nzima ya mateso mara mbili kwa wiki.

Kazi ilirudi kwa vipande. Mkasi mkubwa ulikuwa mgumu, lakini siku moja nikaokota kile kikasi kidogo cha kukatia nyuzi, chenye springi, ambacho unakibana na kinajifungua chenyewe. Nikakata uzi. Nikakata mwingine. Ile kazi ambayo neva haikuweza, springi iliifanya. Nilimwonyesha mtaalamu wangu akafurahi, akaniambia ipo mikasi mikubwa ya namna hiyo, nikatafuta mmoja, ndio nilioutumia karibu mwaka mzima. Nilijaribu pia kukata kwa kushoto, ila mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia, ukiushika kwa kushoto makali yanaachana na kitambaa kinajikunja katikati badala ya kukatika. Mtu asijilaumu kwa hilo. Binti niliyekuwa namfundisha kazi alinikatia yote makubwa, nami nikashona, maana cherehani ni miguu na viganja vilivyolala, kifundo hakipandishwi sana. Aliacha kuwa mwanafunzi wangu mwaka ule. Sasa ni mwenzangu.

Bega lilifika nyuzi 140 baada ya miaka 2 na likasimama hapo. Kiwiko kinakosa 10. Nimeacha kuzidai. Ninachofanya sasa ni kulinda nilizonazo: nikiacha mazoezi wiki 3, kama nilipougua mwaka juzi, bega hunipunguzia, na kuzirudisha kunachukua miezi.

Mgongoni kwangu, mkono wa kulia unaishia kiunoni. Zipu ya nyuma siwezi. Naweza kuinua sahani lakini si kuiweka kabati la juu ikiwa imejaa. Kulalia ubavu wa kulia nilijaribu tena mwaka wa 3, sasa naweza saa moja hivi. Kipande cha ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada, ukubwa wa sarafu, bado kina ganzi, na nimejichoma kwa pasi hapo mara mbili bila kujua mpaka nilipoona alama. Sasa natazama kwa macho kabla ya kuupeleka mkono penye moto. Jioni, baada ya siku ndefu ya kukata, gumba linachoka kabla ya vidole vingine. Hali ya hewa ikiwa ya baridi nasikia chuma, uzito fulani wa ndani, si maumivu hasa. Ile michomo ya neva ya usiku, iliyonitesa mwaka wa kwanza kama kuungua bila moto, ilinihitaji dawa maalumu ya neva, kwa sababu dawa za kawaida za maumivu hazikuigusa. Niliteseka wiki nyingi nikimeza zisizo zake kabla ya kusema.

Watu huniuliza mbona sitoi chuma. Nilimwuliza daktari swali hilo mwaka wa 3. Alisema neva ile sasa imepita juu ya bamba, ndani ya kovu, na kuitafuta mara ya pili ni kuihatarisha zaidi kuliko mara ya kwanza. Kama chuma hakisumbui, hakina usaha wala skrubu iliyolegea, basi kikae. Matundu ya skrubu nayo huuacha mfupa dhaifu kwa miezi baada ya kuzitoa. Nimekubaliana naye. Mwingine, ambaye bamba lake liko penginepo, anaweza kupewa jibu tofauti.

Lipo jambo moja lililokaribia kupita bila kuangaliwa. Nilianguka kutoka kwenye stuli ya kimo cha goti. Nilikuwa na miaka 52. Mtu aliyevuka 50 akivunjika kwa kuanguka kidogo, mifupa yake inastahili kupimwa uimara, kwa sababu mvunjiko wa kwanza mara nyingi ndio unaotangulia wa nyonga. Mimi nilipimwa mwaka wa 2, tena kwa kuuliza mwenyewe, na mifupa ilikuwa imeanza kuwa hafifu. Natumia dawa, natembea kwa kasi kila asubuhi, na rafu zangu zote nimezishusha. Hakuna jora linalokaa juu ya kimo cha bega langu.

Stuli ile niliitoa nyumbani. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa siwezi kusimama hata kwenye ngazi ya mwisho ya ngazi za kawaida bila jasho kunitoka viganjani, na yalikuwepo majuma ambayo sikutaka kuamka wala kuzungumza na mtu. Nilidhani ni uvivu. Mtaalamu wangu wa mazoezi ndiye aliyegundua, akanipeleka kwa mshauri, na nilizungumza naye mara 6. Sioni haya kuliandika. Mkono wa kulia ulikuwa ndiyo jina langu, ndiyo maana wanaita "fundi" na mimi nageuka.

Mwezi uliopita aliingia mteja, mama wa makamo, kuja kupanuliwa nguo, mkono wa kulia uwe mpana upitie kwenye plasta. Alikuwa ameanguka bafuni siku mbili nyuma. Nilichukua futi kamba, nikapima mzingo wa plasta, nikaandika. Kisha nikaiweka futi kamba chini.

"Dada, hebu niinulie kiganja. Kama unamwambia mtu asimame."

Akanitazama kwa mshangao, halafu akainua. Nikamwambia aninyooshee vidole, akanyoosha. Gumba, likatoka. Nikamgusa kati ya gumba na kidole cha shahada, akasema anasikia. Nikamwambia ajipime hivyo asubuhi na jioni mpaka plasta itoke, avichezeshe vidole vyote kila saa, na kama siku yoyote gumba litalegea, au vidole vitavimba na kubadilika rangi na maumivu yazidi kila anapovinyoosha, asingoje tarehe ya kliniki, aende usiku huo huo. Nguo yake nilimshonea nikiwa nimeacha nafasi ya sentimita 4 kwapani, kwa ajili ya bega litakapoanza mazoezi.